Miguu ya kabati la vitabu la Mama Lusia: nilivyoipima ili lisitoke mlangoni

Wakuu, nawasalimu wote.

Naona mafundi humu mnabishana kuhusu miguu ya makabati, iwe mirefu au mifupi. Ngoja nami niweke yangu. Ni ya Uvira, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wapo. Siongezi chumvi. Kwa umri huu nimdanganye nani?

Nilikuwa seremala kijana, karakana yangu kibanda tu karibu na ziwa.

Siku moja akaja Mama Lusia, wa mtaa wa Songo. Mume wake, Mwalimu Pankrasi, alikuwa amefariki si muda mrefu. Aliacha vitabu vingi, vimejaa kwenye masanduku ya bati. Mama mwenyewe hakujua kusoma. Mume ndiye aliyekuwa anamsomea baada ya chakula.

Akaniambia, "Fundi, bashemeji bangu ba Sange batakuya siku ya kumaliza kilio, kugawa vitu. Masanduku iko rahisi kubeba. Minye nataka etajere, kabati ya bitabu, yenye haitatoka mu nyumba."

Nikamuuliza kama niigongelee ukutani.

"Hapana, ukuta iko ya udongo. Weye uiwekee miguu ya kupendeza, bafikiri ni urembo tu."

Nikaenda kupima. Chumba kilikuwa na mlango mwembamba, unatokea kwenye kuluwari, ujia wa ndani ya nyumba, nyembamba vilevile. Kitu kirefu lazima ukilaze, ukitoe nusu, halafu ukizungushe. Nikachukua ufito, nikawa naupitisha pale na kuupunguza kidogo kidogo mpaka ukakubali kugeuka.

Nikaamua kabati lenyewe liwe fupi kuliko ule ufito, halafu miguu ilirefushe kupita ule ufito. Hesabu ikanipa miguu ya shibiri nzima.

Shida ikaanzia hapo.

Aliyewahi kuchonga anajua, shibiri nzima chini ya kabati la vitabu ni ndefu mno. Nikakata vielelezo vya katoni, nikavisimamisha chini ya ubao, nikarudi nyuma kutazama. Cha kwanza kilikuwa chembamba, kabati likawa kama nyange anavuka tope. Nikaongeza unene, likawa tembo.

Na vitabu vina uzito wakuu, msivichukulie poa. Mguu mwembamba unapasuka kufuata nyuzi za mti.

Jibu nililipata Kiringye, nilikokwenda kutafuta mbao. Nilikuwa nimekaa nasubiri mwenyeji wangu, ng'ombe wamesimama mbele yangu. Tazama mguu wa ng'ombe: juu mpana, unashuka unapungua, unabana, halafu kwato linatanuka na kukaa chini. Mrefu, lakini hakuna anayeuona mrefu.

Nikauchora hivyohivyo. Juu nikaulinganisha na kona ya kabati. Pale panapobana nikaacha unene wa ngumi yangu. Kwato nikalitokeza mbele kidogo, kabati lisije likainamia watu.

Mbao zilikuwa mvule. Nikaliunganisha kabati mlemle chumbani. Kila mguu uliingia juu kwa ulimi wa mti, ukashikwa na kigingi kimoja upande wa ukuta. Gundi sikuweka. Ukigonga kigingi, mguu unatoka.

Nilimwonyesha Mama Lusia peke yake. Nikamwambia, siku ukitaka kuhama mwenyewe, utajua pa kugonga.

Siku ya kumaliza kilio nami nilialikwa.

Mashemeji walikuwa wawili, Gaspari mkubwa na Damasi mdogo wake. Msiwafikirie wezi. Gaspari alisema mbele ya watu wote, "Mudogo wangu alisoma na muhogo yangu. Hivi bitabu, minye ndiye nilivilimia. Nami niko na batoto."

 Ilikuwa kweli.

Wakachukua baiskeli, wakachukua redio. Wakaja kwenye kabati. Wakatoa vitabu, wakalilaza, wakalisukuma mlangoni. Likatoka nusu, likakwama kwenye kuluwari. Wakaligeuza huku na huku, jasho linawatoka. Likagoma.

Gaspari akanigeukia. "Fundi, hii miguu inatoka?"

 Nikasema, "Kitu ni cha mama. Muulizeni yeye."

Mama Lusia akasema, "Haitoke. Mukitaka, mukate."

Gaspari akaomba msumeno. Nikampa, ningefanyaje? Akapiga goti, akauweka penye kubana, akavuta mara moja. Mkono ukasimama. Akawa anapapasa lile kwato kwa kidole gumba.

Damasi akamwambia, "Kaka, bila miguu tutaiweka wapi? Kwetu maji ya mashamba ya mupunga inaingia mu nyumba."

Mama Lusia naye akasema taratibu, "Batoto bako bakuye basome hapa. Mulango iko wazi."

Gaspari akainuka. Alinirudishia msumeno, wakalirudisha kabati mahali pake. Wakabeba masanduku ya bati matupu, wakaenda kungoja lori la Sange.

Likizo iliyofuata, binti yake Gaspari alikuja na kifurushi cha mchele, akakaa hapo mpaka shule zikafunguliwa.

Lakini siku ile ile, walipoondoka, Mama Lusia alivipanga vitabu yeye mwenyewe, vingine juu chini. Akakaa, akamwambia bintiye Imakulata, "Nisomee."

Mtoto akachomoa cha karibu. Kilikuwa cha hesabu. Akasoma: pipa lina matundu mawili, moja linajaza maji, lingine linamwaga, je, litajaa baada ya muda gani? Mama akasikiliza mikono imetulia mapajani, kama yuko misani.

Swali likaishia hapo, mtoto akafunga kitabu. Mama akauliza, "Halafu? Ilijaa?"

Funzo langu ni dogo tu. Usimalize kabati ndipo utafute miguu. Anza na mlango, na mtu anayekaa ndani.

Mafundi, unene wa ngumi pale penye kubana unatosha kwa mvule, au nilibahatisha? Na wengine, ungekuwa wewe, Gaspari alivyouliza kama miguu inatoka, ungemjibu nini? Nawasoma.