Mnyororo Mfupi wa Fanwell

Fanwell ni mtu wa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomzamishia boti. Nasema kwa uchungu, si kwa kumcheka. Mkewe, Aurélie, alikuwa rafiki yangu; tulitoka wote Kilwa, upande wa Kongo, na tukawa majirani hapa Nchelenge, ufuko wa Zambia wa ziwa Mweru. Yeye na Fanwell walikuwa na boti ndogo ya mbao yenye injini. Walivusha watu na mizigo, wakala, wakajenga.

Aurélie alifariki mvua zilipoanza. Mama yake, Suzanne, akavuka ziwa kuja kumlilia, na baada ya mazishi akabaki nyumbani kwa mkwe wake. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani mpaka upande wa mke umpikie mkwe chakula rasmi cha kumkaribisha. Chakula hicho kila mwaka kilisogezwa mbele. Zamani Aurélie ndiye aliyewapelekea maneno. Sasa nikawa mimi.

"Florentine, ambia bukwe chumvi imeisha."

Na bukwe mwenyewe, huyo mkwe wake, yuko nyuma ya ukuta, anasikia kila kitu! Mara ngapi nilitamani kuwagombeza wote wawili.

Fanwell alizoea kuifunga boti kwa kamba, tena fupi, na alijisifu kwamba haijawahi kujaa maji hata siku moja. Baada ya msiba akaogopa wezi wa injini, akaacha kamba. Akaifunga kwa mnyororo mfupi na kufuli kwenye nguzo ya chuma iliyo majini.

Alasiri moja nilikuwa sokoni nikiuza chisense, dagaa wetu wa Mweru, upepo mkali ukatokea upande wa Kongo. Suzanne, aliyekaa mkekani mlangoni, akaona mawimbi yanainyanyua boti, mnyororo unaivuta chini, maji yanaingia. Majirani wote walikuwa wanakimbilia kuanua samaki. Fanwell alikuwa kando ya nyumba, ameligeuzia ziwa mgongo. Mama akakohoa. Fanwell, kwa heshima, akasogea kidogo. Mama akagonga sufuria kwa mwiko. Fanwell akadhani anamsumbua mzazi, akaenda kukaa kwenye migomba. Kadiri mama alivyozidisha kelele, ndivyo mkwe alivyozidi kujiondoa.

Niliporudi nikikimbia mvua, boti ilikuwa imejaa pomoni na injini iko chini ya maji. Nilipiga yowe. Fanwell akaja mbio, akaingia ziwani hadi kifuani na ufunguo mkononi. Mnyororo ulikuwa umekaza mno, kufuli halifunguki. Kila wimbi liliigonga boti kwenye nguzo, na ubao mmoja ulishaanza kuachia. Mke hana, na sasa kazi yake inavunjika mbele ya macho yake. Niliogopa kwamba atakaa mle mle majini.

Ndipo Suzanne akanipita, kitenge amekikaza kiunoni, beseni mkononi, akaingia majini.

"Fanwell! Sukuma bwato karibu na nguzo, shene ilegee!"

Fanwell akainamisha uso, kwa mazoea.

"Angalia miye! Mutoto yangu amekufa. Unamuchungia nani heshima?"

Akainua macho, akamtazama. Kisha akasukuma kwa bega, mnyororo ukalegea, kufuli likafunguka. Tukaiburuta boti mpaka kwenye mchanga, nikaleta mabeseni mengine, tukaanza kuteka maji.

"Aurélie hakukuambia kulegeza kamba?" mama akamwuliza.

"Hapana, mama. Bwato haikujalaka mayi."

"Haikujala juu yeye njo alikuwa analegeza. Upepo ikianza, anaenda kulegeza. Ikiisha, anakaza tena. Nilimufundisha miye, angali mutoto mudogo."

Fanwell akasimama na beseni lake. Miaka yote hiyo alikuwa akijisifu kwa kazi ya mkewe, na mkewe alimwachia sifa zote bila kusema neno. Akalia kwa sauti, mbele ya mama mkwe wake. Mama hakugeuka pembeni. Aliendelea kuteka maji huku naye machozi yakimtoka.

Fundi aliifungua injini, akaikausha, na baada ya kusumbua sana ikakubali. Fanwell akamrudisha Suzanne Kilwa. Nami nilikwenda nao, nikakaa kwenye ubao wa katikati, mahali pa Aurélie, nikingoja kutumwa maneno. Hakuna aliyenituma.

Tulipofika, Fanwell alifunga boti kwa kamba, mama akiwa amesimama anaangalia.

"Ongeza," akasema.

Akaongeza.

"Ongeza tena."

Mama aliporidhika akapanda nyumbani kwake, akawasha moto, akachinja kuku wawili. Alipika peke yake, alikataa hata mimi nisimsaidie. Kisha akatandika mkeka, akaweka sahani, akatoka mlangoni kumwita.

"Fanwell, mutoto yangu. Kuya tukule."