Ukuta Wetu na Njia ya Mvua

Tulipohamia Ndera, pembezoni mwa Kigali, kilima chetu hakikuwa na barabara. Kulikuwa na njia ya miguu iliyoanzia kwenye lami, ikakatiza migomba, ikashuka katikati ya mashamba ya mtama na mihogo hadi bondeni. Dereva wa moto, yaani bodaboda, aliyetupeleka mara ya kwanza kukitazama kiwanja alisimama juu, akazima pikipiki yake na kutuambia twende wenyewe kwa miguu, kwa sababu yeye ana watoto wa kulea.

Mume wangu ni fundi umeme, mzaliwa wa Bujumbura. Mimi ni muuguzi, nilizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia kutoka Rwanda wakiwa vijana. Tulikutana Kigali, sote wageni katika nchi ambayo tangu utotoni tuliambiwa ni yetu. Kinyarwanda chake kilikuwa na Kirundi ndani yake, changu kilikuwa na lafudhi iliyowachekesha wagonjwa. Kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, na watoto wetu wakakulia humo. Kwa miaka kadhaa tulipanga vyumba viwili Gisozi, jirani na karakana za maseremala, na misumeno ilikuwa ikianza kulia kabla chai haijachemka. Nikirudi kutoka zamu ya usiku nilihitaji kulala mchana. Hiyo ndiyo sababu iliyotupeleka Ndera, wala hakuna nyingine kubwa zaidi.

Aliyetuuzia kiwanja alikuwa mjane mzee aliyelima pale tangu alipoolewa. Alikata kipande cha juu cha shamba lake akatupa sisi, akabaki na nyumba yake upande wa chini, jiko lake la nje, na zizi la ng'ombe mmoja. Nyumba ilikuwa ya rukarakara, matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Kila mtu alimwita mukecuru, bibi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alipotusikia tukiongea Kiswahili alifurahi. Zamani alikuwa akiuza ndizi kando ya barabara kuu kwa madereva wa malori, na Kiswahili chake alikipata kwao.

"Batanzania," alituita siku ile ya kupima mipaka, ingawa mume wangu alimweleza mara tatu kwamba yeye katoka Burundi. "Kuja huku. Iko kitu nataka onyesha."

Alitupeleka kwenye ukingo wa kiwanja chetu, penye bonde dogo ambalo nisingelitambua kama asingelinyoshea fimbo. Lilikuwa limeota majani kama sehemu nyingine zote.

"Hapa iko njia ya mvura. Hapana jenga."

Mume wangu alitazama juu kilimani, akatazama chini. "Mbona pakavu?"

"Hapana pita kila mwaka," alisema mukecuru. "Lakini iko napita."

Tuliitikia. Tukajenga nyumba mbali na pale, na lile bonde dogo tukalipanda maharage.

Ujenzi ulichukua muda mrefu. Kila tofali, kila mfuko wa saruji, ulitoka kwenye lami ukiwa kichwani mwa mtu. Milango na madirisha tuliagiza kwa mafundi wa Gisozi, na siku milango ilipofika wanaume wanne waliibeba kushuka ile njia kwa mwendo wa taratibu. Mukecuru alisimama nje kwake akauliza nani amefariki. Maji tulichota kwenye chemchemi ya bondeni, na kupanda nayo kulinifundisha kuoga kwa nusu ndoo. Tulipohamia, dari lilikuwa bado na jikoni hapakuwa na sakafu.

Wengine walifuata. Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja na mkewe, waliokulia Uganda, wakajenga juu yetu. Halafu mfanyabiashara wa vitambaa, halafu afisa wa serikali ambaye nyumba yake ilikuwa na vyoo vingi kuliko vyumba vya nyumba yetu. Migomba ikapungua. Nguzo za umeme zilipofika, mume wangu alifunga nyaya katika nyumba nyingi za pale, na kwa mukecuru alifunga bure. Alimuuliza taa ya kwanza aiweke wapi, sebuleni au chumbani.

"Kwa ng'ombe," alisema. "Mimi najua kitanda yangu iko wapi. Ng'ombe ndiye nazaa gizani."

Ikawa hivyo. Kwa muda mrefu zizi lake ndilo lililokuwa na taa kali kuliko zote kilimani.

Kisha ulianza mtindo wa kuta. Awali tulikuwa na ua wa miti, na jirani aliweza kukusalimu ukiwa unaanua nguo. Afisa akajenga ukuta wa mawe, mfanyabiashara akafuata, na baada ya hapo nyumba isiyo na ukuta ilionekana kama mtu aliyetoka bila viatu. Mimi ndiye niliyeutaka ukuta, sitamsingizia mume wangu. Alinikumbusha habari ya bonde dogo la maharage. Nilimwambia tumekaa pale miaka yote hiyo na hatujaona maji yakipita, na kwamba tukilikwepa bonde tutapoteza kipande kizuri cha ardhi. Fundi naye alisema ataacha tundu dogo chini. Mukecuru alituona tukichimba msingi. Alisimama kidogo na fimbo yake, akasema, "Hapo?" Nikasema, "Tumeacha tundu, mukecuru." Akaenda zake kukata majani ya ng'ombe.

Masika mawili yalipita salama. Ya tatu mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo. Udongo ulishiba, na huko juu mashamba yaliyokuwa yakinywa maji yalikuwa yamegeuka mabati na saruji. Siku ile nilikuwa mapumzikoni. Saa nane mchana mvua ilizidi, nami nikasimama dirishani nikitazama maji mekundu yakishuka katika lile bonde dogo, mapana kama mkeka, yakagonga ukuta wetu. Tundu liliziba mara moja kwa majani na matawi. Maji yakapanda, yakafika kiunoni mwa ukuta. Ukuta haukutikisika. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Nilimsifu fundi moyoni.

Maji yalipokosa pa kupita yaligeuka. Yalifuata ukuta hadi kwenye kona, yakashuka kwa nguvu yote moja kwa moja kwa mukecuru. Nilisikia kishindo, halafu ng'ombe akilia.

Nilikimbia bila viatu. Jiko lake lilikuwa limelala chini, udongo ukirudi kuwa udongo, na ukuta mmoja wa zizi ulikuwa umeinama juu ya ng'ombe. Mukecuru alikuwa ndani ya zizi, maji magotini, ameshika kamba na kuivuta.

"Toka, mukecuru! Mwache ng'ombe!"

Aliendelea kuvuta. Niliingia nikashika kamba pamoja naye. Mwalimu na mkewe walifika, kisha watu wawili niliokuwa siwajui, tukamtoa ng'ombe tukiteleza na kuanguka. Ukuta wa zizi uliporomoka tukiwa hatua chache kutoka pale. Mukecuru alisimama mvuani akimpapasa ng'ombe miguu, mguu mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha haukuvunjika. Kisha akainua macho akautazama ukuta wetu uliosimama vizuri kule juu.

Nyumba yake ilikuwa imelowa hadi ndani, tukamchukua akae kwetu. Ng'ombe alifungwa uani, karibu na dirisha la watoto, nao walifurahi sana. Mukecuru alilala chumba cha binti yetu, akaamka mapema kuliko sote na kufagia uwanja kabla sijamzuia. Aliniambia ahsante kwa uji, ahsante kwa blanketi. Kila ahsante ilinichoma. Siku ya tatu nilimwambia mume wangu kwamba ukuta wetu ndio uliobomoa jiko lile.

"Ni mvua, mama watoto," alisema. "Mvua imebomoa nyumba Kigali nzima."

"Maji yaligeukia ukutani kwetu. Niliyaona."

"Basi tutamsaidia kujenga. Lakini usiende kujitangaza. Watu wakishajua, kila atakayelowa kilimani hapa atakuja kutugongea sisi."

Jumapili ile kiongozi wa mudugudu wetu, mtaa wetu kwa maana hiyo, aliitisha mkutano wa wakazi. Tulikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya mwalimu. Alitaka kila aliyepata hasara aeleze, na alipofika kwa mukecuru alimuuliza kama kuna mtu aliyezuia maji yakaenda kwake. Watu walikuwa na macho, ukuta ule walikuwa wakiuona kutoka pale walipokaa.

Mukecuru alisema, kwa Kinyarwanda safari hii, "Imvura ni imvura." Mvua ni mvua. Akajifunika kitenge vizuri.

Nilijikuta nimesimama. "Si mvua peke yake," nilisema, na lafudhi yangu ya Karagwe ilizidi kwa woga. "Bibi alituonyesha njia ya maji siku tuliyonunua. Sisi tukajenga ukuta juu yake. Mimi ndiye niliyetaka ujengwe pale. Tutaubomoa."

Mume wangu alikuwa amekaa nyuma. Sikugeuka kumtazama. Kiongozi alikohoa, akauliza kama baba wa nyumba anakubaliana na maneno hayo.

"Amekwisha kusema," alijibu mume wangu.

Hatukuzungumza siku tano. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Aliongea na mukecuru, aliongea na ng'ombe, mimi alinipita kama kiti. Nilikuwa nimemfedhehesha mbele ya watu, na hilo nalijua hadi leo. Nilipojaribu kumwomba radhi aliniambia kosa langu halikuwa kusema ukweli, lilikuwa kumwacha ausikie pamoja na majirani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa umuganda, siku ya kazi ya pamoja, na iliamuliwa watu waje kwetu kisha kwa mukecuru. Nilipoamka nilisikia nyundo. Mume wangu alikuwa ameshaanza peke yake. Alikuwa ameangusha mawe ya juu na kuyapanga vizuri pembeni, makubwa huku, madogo kule.

"Lete chai," alisema bila kugeuka. "Na kikombe chako."

Tulikunywa tumekaa juu ya mawe. Watu walipofika walipokezana mkono kwa mkono mawe yale hadi chini, na kabla ya saa sita msingi mpya wa jiko la mukecuru ulikuwa umeinuka, wa mawe safari hii. Afisa wa serikali mwenyewe alibeba mawe, akaharibu suruali yake nzuri. Mukecuru alipita katikati ya mafundi akiwaambia mlango uelekee wapi, na walipouelekeza kwingine aliwafanya waanze upya.

Miaka michache baadaye barabara ilikuja. Mhandisi aliyetumwa kupima alikuwa msichana mwenye viatu vya mpira na karatasi kubwa. Aliuliza wakazi maji ya mvua hupita wapi. Watu watano walinyosha mikono pande tano, kisha mmoja akasema aitwe mukecuru. Alikuja na fimbo yake, akatangulia mbele kutoka juu kabisa hadi bondeni, mhandisi nyuma yake akipigilia vigingi. Mtaro mkubwa wa mawe ulichimbwa kwa kufuata vigingi vile. Sisi tulitoa ukanda wa ardhi pamoja na maharage yangu, na safari hii hatukubishana.

Barabara ilipofika, kila kitu kilikwenda haraka. Maji ya bomba, duka la dawa, saluni, kanisa la mabati kisha kanisa la matofali. Watu wakaja na magari mazuri kumuuliza mukecuru kama anauza. Mwanawe, aliyekuwa akiishi upande wa Kayonza, alikuwa akimsihi auze, naye alikataa kwa muda mrefu. Siku moja asubuhi alikuja kwetu, akaketi jikoni, akaniambia ameamua.

"Mwanao amekulazimisha?" nilimuuliza.

"Nani iko lazimisha mimi?" alisema. "Mimi nachoka salimia magari. Napunga mkono, mtu hapana ona. Na majani ya ng'ombe iko mbali. Kayonza majani iko."

Siku ya kuhama lori lilisimama mlangoni kwake. Vitu vyake havikujaza hata nusu. Ng'ombe alikataa kupanda, akavutwa, akasukumwa, hadi mukecuru alipopanda yeye kwanza na kumwita. Akapanda. Mume wangu alikwenda kuifungua ile taa ya zizini, akaifunga kwenye gazeti na kumpa mikononi. Nilimkumbatia nikitaka kusema maneno niliyoyaandaa, lakini alinikatiza kuniuliza kama nimefunga vizuri chupa ya maziwa aliyoniachia.

Jengo la ghorofa nne limesimama pale sasa. Wapangaji ni vijana wenye adabu, wengi hata hawajui kuna mtu aliyelima mtama mahali wanapoegesha magari. Sina kinyongo nao. Sisi pia tulikuja.

Mukecuru alijifunza kutumia simu akiwa Kayonza. Hupiga Jumapili baada ya misa, na huongea kwa sauti kubwa, akiamini umbali unahitaji sauti. Mwezi uliopita aliniambia majirani zake wapya hawajui Kiswahili hata kidogo, kwa hiyo ameanza kuwafundisha.

"Watasema kama wewe?" nilimuuliza.

"Ndiyo," alisema. "Kiswahili safi."