Skrubu Iliyochongwa Katikati ya Hotuba

Skrubu ya mama yangu ilikatika katika msimu wa maziwa mengi. Ilikuwa moyo wa kikandamizio cha mbao ambacho, pale kwetu Kirolirwe, kilikamua maji kutoka kwenye jibini zake. Bila hicho jibini zilibaki tepetepe, zikachacha, na wanunuzi wa barabarani wakazikataa. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na diploma ya ufundi wa mitambo, pamoja na imani, ambayo bado sijaiacha, kwamba elimu isiyomrudia aliyeilipia ni wizi. Kuchonga skrubu mpya nilijua. Kilichokosekana ni kerezo, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Karakana za Goma zilitaka bei ambayo mama angeweza kuilipa tu kwa kumuuza ng'ombe aliyetoa hayo maziwa.

Kumbe kerezo lilikuwepo katika kituo cha vijana cha Mushaki, tena la bure. Wafadhili walilileta kwa ajili ya vijana, kama ubao mkubwa mlangoni ulivyotangaza. Nililikuta limefunikwa shuka jeupe kama maiti ya mtu mwenye cheo, limezungushiwa utepe mwekundu. Msimamizi wa kituo alinipokea kwa upole mwingi.

"Kaka, hii mashine iko ya vijana. Njo yako kabisa."

"Basi, Papa, naweza kuitumikisha leo?"

"Leo?" Alinionyesha utepe. "Ruban haiyakatwa! Ukiitumikisha itachafuka. Mukubwa aje kufungua kitu ya zamani?"

Mkubwa huyo alikuwa akitarajiwa tangu mvua zilizopita. Kila asubuhi mlinzi alifunua shuka, akapangusa vumbi, akafunika tena. Sijapata kuona chombo kinacholindwa kwa bidii namna ile dhidi ya kazi.

Hatimaye ujio wa mgeni ukathibitishwa, na msimamizi akatambua kwamba lazima mtu aizungushe mashine mbele ya kamera, ilhali yeye hakujua hata inawashiwa wapi. Akanitafuta. Nilikubali kwa sharti moja: chuma nitakachochonga nitakileta mwenyewe, na kitakuwa changu.

"Chuma tu?" alisema. "Leta hata kumi."

Siku ya sherehe utepe ulikatwa, jenereta likawashwa, nami nikaanza. Msimamizi alikuwa ameagiza kerezo lisinyamaze, ili mgeni ahutubie huku sauti ya maendeleo ikisikika. Kwa mara ya kwanza maishani niliombea hotuba iwe ndefu, na viongozi wetu, katika jambo hilo, hawajawahi kumwangusha mtu. Mgeni alipofika kwenye mustakabali wa vijana, nilikuwa nimefika nusu ya skrubu; alipowashukuru waliomtangulia kuzungumza, mmoja baada ya mwingine, nilikuwa nalainisha ncha.

Makofi yakapigwa. Ndipo msimamizi, sharti langu likiwa limemtoka kichwani kwa furaha, akainyakua skrubu ikiwa bado na joto na kuiweka mezani penye zawadi za mgeni. Kwetu mgeni hatoki mikono mitupu. Lakini alikuwa akitoa mkono wa kazi wa mama yangu.

Kabla sijafungua mdomo, mama alikwisha kuinuka kati ya akina mama waimbaji walioitwa kumpokea mgeni, akicheza kuelekea mezani, jibini yake ya mwisho iliyo nzima ikiwa juu ya kichwa.

"Papa mukubwa," alisema, "chuma haikuliwaka. Beba fromage."

Mgeni alicheka, akaipokea jibini kwa mikono miwili. Mama akaifunga skrubu katika kitenge chake na kurudi mahali pake, bado akicheza. Msimamizi naye alipiga makofi. Angefanya nini mbele ya kamera?

Jioni ile kikandamizio kilikamua tena. Huko Mushaki shuka lilirudishwa kabla vumbi la magari halijatua: wakaguzi wa wafadhili walitarajiwa, na walipaswa kuikuta mashine ikiwa mpya.

Asubuhi jirani alikuja na chuma cha gurudumu la chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kimekwisha kulika. Hakuniuliza kama naweza kuchonga kingine.

"Kaka," alisema, "wageni wengine watakuya siku gani?"