Mkungu wa Shukrani

Mimi si mtu wa kusikia baridi. Nimezaliwa mlimani, kule ambako mwezi wa saba unaota moto mpaka saa nne asubuhi, kwa hiyo Moshi mjini kwangu ni joto tu mwaka mzima. Lakini mwaka ule nilishinda ofisini na sweta, jua linawaka, kijasho kinanitiririka mgongoni. Lilikuwa sweta la mtumba, pana, la kiume, nililochagua sokoni Memorial kwa sababu moja tu: lilifunika tumbo. Nilikuwa katibu muhtasi wa chuo kimoja pale mjini, na nilikuwa na mimba ambayo kwa sheria za chuo haikutakiwa kuwepo.

Sheria yenyewe tulisomewa bwaloni, wafanyakazi wote. Likizo ya uzazi yenye mshahara ni mara moja kila miaka mitatu. Atakayezaa kabla ya hapo atumie likizo yake ya mwaka, ikiisha arudi, na asiporudi nafasi yake itajazwa. Aliyesoma ni afisa utumishi wetu, mzee mpole ambaye Jumapili alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wa kina mume wangu. Alipomaliza akaongeza kwamba, kama tunavyojua, serikali imepunguza ruzuku, hivyo watu nao itabidi wapunguzwe. Mwalimu mmoja akasema, "Uzazi wa mpango si upo?" Wanaume wakacheka mpaka meza zikatikisika. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa ndio kwanza anajifunza kusimama, na tumboni yumo mwingine. Mpishi wa bwalo, rafiki yangu, akanifinya paja chini ya meza. Yeye alishajua, maana harufu ya maharage yake ilikuwa inanitoa mbio.

Niliogopa, tena sana. Mume wangu alikuwa ameshapunguzwa kwenye shirika la umma, sasa amekodi shamba Kahe analima nyanya, na nyanya zikikubali, bei inakataa. Mshahara wangu ndio tuliokula, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya chuo. Nikipoteza kile kiti, tunapoteza na paa.

"Tusimwambie mtu," nilimwambia mume wangu. Akaitikia vizuri kabisa. Jumamosi akapanda mlimani, akamwambia mama yake. Wanaume hawa, jamani!

Mama mkwe alikaa juu ya Kwa Sadala, kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa. Nilimfuata hukohuko.

"Shikamoo mama. Nakuomba, hili neno lisitoke humu ndani."

"Marahaba. Litoke liende wapi? Mdomo wangu una kufuli."

Na kweli hakumwambia jirani hata mmoja. Alimwambia Mungu.

Kanisani kwetu kule mlimani mwenye jambo la kushukuru huleta alichonacho, kuku au maziwa au ndizi, na mzee wa kanisa husoma mbele ya watu nani anashukuru na kwa nini. Baada ya ibada vitu hunadiwa nje. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekaa na mama mkwe upande wa wanawake. Mbele ya madhabahu ulilala mkungu mnene, wala sikuujali. Afisa utumishi wetu akasimama na karatasi.

"Mama yetu wa kando ya mfereji anamshukuru Mungu kwa mkungu huu wa ndizi, kwa kuwa mkamwana wake, anayefanya kazi chuoni..." Akasita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "...anatarajia mtoto wa pili."

Watu wakageuka kunitazama, wakitabasamu. Mama mkwe akanipigapiga goti, uso unang'aa kwa furaha. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, umenimaliza," nikamnong'oneza.

"Kwani Mungu naye ana siri na nani?" akanijibu.

Nje, kwenye mnada, mkungu ule aliununua afisa utumishi mwenyewe. Hapo ndipo hofu ilipozidi. Anayetaka kukufukuza atanunua ndizi za kwenu? Au ndiyo anakuaga? Wiki nzima alipita mezani pangu, shikamoo mzee, marahaba mama, habari za kazi, basi. Ijumaa akaniita.

"Ndizi zilikuwa tamu," akasema. "Mwambie mama ahsante."

Nikangoja.

"Lakini sheria umeisikia. Sikuitunga mimi."

"Nimeisikia, mzee."

Nilikuwa nimejipanga kumwambia mengi. Badala yake nilikwenda jikoni bwaloni nikakaa juu ya gunia la mchele, nikalia. "Lia tu," mpishi akaniambia, "ila usinilowanishie mchele wa wanafunzi."

Nilijifungulia hospitali ya Mawenzi, mtoto wa kike, na mama mkwe akanipandisha mlimani. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Analishwa mtori na supu na maziwa, hashiki jembe wala ndoo, na siku ya kutoka anatoka amenawiri mpaka watu wamtazame mara mbili. Mama mkwe alikuwa akinenepesha mbuzi tangu siku ile aliyopokea habari. Likizo yangu ya mwaka ikaisha kabla mafuta ya mbuzi hayajaisha.

Nilipofunga mzigo, alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi na kidonda?"

"Kazini, mama."

"Kazi gani hiyo inayomtoa mzazi ndani?"

"Inayotulisha."

Nilimjibu kwa hasira, na nilijuta hapohapo. Alimwachia jirani ng'ombe wake, akamfunga mtoto mgongoni, tukashuka wote. Akawa anakaa na watoto kwenye nyumba ya chuo, na mimi saa nne, wenzangu wakienda kunywa chai, nakimbia kunyonyesha.

Haukupita muda, wakubwa wakakaa kikao cha kupitia upya sheria za likizo, na mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu. Saa nne ikapita, hakuna chai. Saa tano ikapita. Nilijua mtoto analia. Matiti yalikuwa yanauma mpaka kwapani, na maziwa yakaanza kutoka yenyewe chini ya lile sweta langu, ambalo sasa nilivaa kuficha maziwa. Hapo mkuu wa chuo akafikia likizo ya uzazi.

"Hapa hakuna tatizo," akasema. "Andika, wafanyakazi hawana malalamiko."

Nilifikiria paa. Nilifikiria nyanya za Kahe.

"Yapo, mzee," nikasema.

"Ya nani?"

Nikavua sweta. Blauzi ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Wale wanaume wote wakatazama meza, na afisa utumishi akaanza kutafuta kitu kwenye faili lake. Mkuu wa chuo akakohoa, akasema twende ajenda inayofuata. Niliiandika hiyo ajenda inayofuata, nikakunja sweta, na nikaandika mpaka mwisho wa kikao.

Mwezi uliofuata walipunguza watu, nami nikiwemo. Barua ilisema mengi kuhusu muundo mpya wa chuo, na ilikuwa na sahihi ya afisa utumishi. Nyumba tulitakiwa tuiache. Mume wangu aliisoma akakaa kitandani, hakuinuka. Mimi nilikuwa nawaza, watoto wawili, nitawapeleka wapi? Mama mkwe ndiye peke yake aliyeuliza swali.

"Kwa hiyo unarudi ndani?"

"Narudi, mama."

"Basi. Mbuzi yuko mwingine."

Tukapanda mlimani, akanianzishia miezi yangu upya, kana kwamba sikuwahi kutoka. Siku ya kutoka ilipofika tulikwenda kanisani. Mbele ya madhabahu palikuwa na mkungu, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Nikamshika mkono.

"Mama, umeandikisha nini? Tafadhali, usinitie aibu."

"Tulia unyonyeshe," akasema.

Afisa utumishi akasimama na karatasi. "Mama yetu wa kando ya mfereji anamshukuru Mungu, kwa kuwa mkamwana wake amemaliza uzazi salama..." Akasita. Macho yakashuka chini ya karatasi, yakapanda. "Amina," akasema, akaanza kuikunja.

Mama mkwe akasimama. Hakupaza sauti, lakini mpaka kwaya walimsikia.

"Bado, mzee. Soma yote."

Akaikunjua karatasi. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu, akaivaa.

"...ingawa chuo kilimwachisha kazi kwa sababu ya kuzaa."

Aliisoma kwa sauti ileile aliyotusomea sheria bwaloni. Nikageuka kutazama upande wa wanaume. Hakuna aliyecheka.