Finjani Iliyowekwa Chini

Nilimwahidi Shangazi Mwanakheri kwamba kila jioni, wageni wa Baba wakishaondoka, nitakwenda chumbani kwake kumweleza walichoamua. Ahadi hiyo niliitoa katikati ya harufu ya iliki, kwa kuwa nilikuwa nimetoka barazani wakati huo huo na dele la kahawa lilikuwa bado likifuka mkononi. Yeye alikuwa amekaa kitandani, ameuzungusha mtandio shingoni kama mtu mwenye baridi, katika mji ambao kiangazi chake huwafanya hata paka wagombee kivuli cha magari. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sikuuona uzito wa neno nililolisema. Nilidhani kuwa jambo likizungumzwa na watu wazima huamuliwa, kama vile chakula kikibandikwa motoni huiva.

Nyumba yetu ilikuwa Azaiba, katika jiji la Muscat, mtaa wa pili kutoka barabara kuu ya maduka, karibu na bahari kiasi cha kutuletea unyevu bila ya kutuletea upepo. Msimu ule wa joto, katikati ya miaka ya tisini, sikumbuki kitu chochote nyumbani kilichotulia. Kiyoyozi cha barazani kiliguruma, kikazima ghafla, kikatetemeka, kikaanza tena. Na kila kilipozima, sauti za wanaume zilibaki wazi, zimepazwa kuliko ilivyohitajika, kama za watu waliozoea kushindana na mashine. Mama alihamisha masinia ya tende mbichi kutoka jikoni hadi ukumbini, akayatazama, akayarudisha jikoni. Shangazi alitembea. Alitoka mlangoni mwa chumba chake hadi kwenye friji, akageuka, akarudi, mkono shingoni, na ndara zake zikikwaruza sakafu zilikuwa ndiyo saa ya nyumba yetu.

Hakuwa dada wa Baba kwa damu. Bibi yangu aliumwa sana baada ya kumzaa Baba huko Bumbwini, Unguja, na jirani yake, mama wa Mwanakheri, akamchukua kichanga yule akamnyonyesha pamoja na wake. Kwa sheria ya dini yetu, waliochangia ziwa ni ndugu: hawaoani, wala hawafichani nyuso. Baadaye Baba, angali mtoto, aliondoka na wazee wake baada ya mapinduzi, wakafika Muscat, Oman, wakapokewa kama raia katika nchi ya mababu zao. Mwanakheri alibaki. Katika karatasi za serikali hapana mahali pa kuandika maziwa. Kwa hiyo ndugu hao wawili, waliolala kwenye paja moja, walikutana tena ukubwani mmoja akiwa mwenyeji na mwingine mgeni mwenye viza ya matembezi.

Alikuja kwa sababu ya rovu. Uvimbe ule ulianza kama kokwa ya tende, na sasa ulikuwa umemkalia kooni, umempunguza sauti na kumfanya ameze kila tonge kwa tahadhari. Kwao walimwelekeza avuke aende bara kwa daktari wa upasuaji. Bara wakamwambia kwamba afya si jambo la Muungano, basi arejee visiwani aletwe kwa utaratibu. Alipochoka kuvuka maji akaja kwetu. Daktari wa hospitali ya kulipia mjini alimpima akasema lazima apasuliwe, na mapema, lakini gharama yake hatukuiweza. Hospitali ya serikali, ambayo mimi nilipelekwa hata kwa mafua bila ya wazazi wangu kufikiri mara mbili, haikuwapokea wageni wa matembezi isipokuwa kwa dharura. Na koo la Shangazi, tuliambiwa, lilikuwa halijafika kuwa dharura.

Palikuwa na njia moja. Raia aliweza kupeleka ombi la kumfungulia mgeni wake mlango ule. Lakini Baba alikuwa mtumishi katika ofisi ya mipango ya afya, na alikaa katika kamati iliyokuwa ikijadili kanuni mpya: hospitali za umma zimhudumie nani, na kwa jukumu la nani. Maombi kama hayo yalipita mbele ya kamati hiyo hiyo. Mama alimsihi aandike. "Niandike nimpelekee nani?" Baba alimjibu. "Nijipelekee mwenyewe? Nikianza na wangu, kesho nitamwambia nini mwenye wake?" Msomaji asimdhanie kuwa mtu mgumu. Alikuwa mwadilifu katika nchi ambayo kujuana kulifungua milango mingi, na aliona fahari kwamba mlango wake yeye haukufunguliwa hivyo. Ila msimu ule uadilifu wake ulikuwa umesimama kizingitini, na dada yake yuko upande wa pili.

Alichoweza kukifanya bila ya kuvunja dhamiri yake ni kuzungumza. Kila baada ya swala ya alasiri baraza lilijaa, na mpinzani wake mkuu alikuwa Ami Khalfan, rafiki yake, Mwomani ambaye familia yake ilirejea kutoka Tabora. Walijadili Muungano, walijadili visiwa, walijadili habari za kuwachangisha wagonjwa zilizokuwa zikitujia kutoka kule. Wakimtaja Shangazi, walimtaja kwa jina la "mgonjwa", kana kwamba ni mtu wa kwenye mfano.

"Watu wa visiwani," Ami Khalfan alisema, "mnataka wizara yenu, waziri wenu, bendera yenu. Shingo ikivimba mnataka hospitali ya mwenzenu. Muungano ni wa nini basi, bwana? Mtegemea cha nduguye hufa masikini."

"Tumeshatoa mangapi?" Baba akaruka. "Tukitoa na hospitali tutabaki na nini, karafuu? Aliye mbali hayajui maumivu ya mtu wa Bumbwini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Na huyo aliye karibu amemtibu?"

"Yakhe, wewe bahari yenyewe umeijua ukubwani, utanfunza mie mambo ya visiwa?"

"Bahari ninaiona hapo nje kila siku. Haina dawa."

Baraza zima likacheka, na mimi, mdogo kuliko wote na kwa hiyo mmiminaji wa kahawa, nikacheka pamoja nao, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Kisha kiyoyozi kikazima, na katika kimya kile nikazisikia ndara ukumbini.

Jioni nilitimiza ahadi yangu. Shangazi alinisikiliza kwa adabu yote anayostahili mjumbe. Nilimwambia Ami Khalfan kasema hivi na Baba kajibu vile, nikamtajia mamlaka na jukumu na kanuni, maneno ambayo nilikuwa nikiyaonja kama peremende. "Hayo n'shayasikia, mwanangu," alisema kwa sauti yake iliyokwaruzika. "Ukuta huu mwembamba. Nnakuuliza, wameamua nini?" Nikasema, bado. Siku nyingine akauliza, nikasema, bado. Yeye aligeuza jambo likawa mzaha: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie jembe sijapewa, na kwetu sijarejeshwa." Nilianza kuichukia ile safari fupi ya kutoka barazani. Nilikuwa na maneno mengi makubwa, na sikuwa na jawabu hata moja dogo.

Jioni moja, labda kwa kunihurumia, hakuniuliza habari za baraza. Aliniuliza kwa nini wageni hutikisa finjani wanapoirudisha. Nilifurahi kuwa na jambo ninalolijua. Nikamweleza kwamba mwenyeji humimina kidogo kidogo, na atamimina tena na tena mpaka mgeni atikise, maana yake ametosheka. "Na akiiweka chini na kahawa yake?" Nikamwambia kwamba huyo basi ana haja. Mwenye nyumba lazima amuulize, na akishauliza lazima amjibu. Asipomjibu ni aibu itakayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. "Lazima?" aliuliza. "Lazima, Shangazi," nikasema, kwa uthabiti wa mtoto aliyesikia jambo hilo kwa babu yake. Akautazama ukuta kwa muda. Kwao, alisema, kahawa ni kahawa tu.

Viza yake ilikuwa ikikaribia kwisha. Alasiri ile mjadala ulikuwa umefika mahali ambapo Ami Khalfan alikuwa amepiga goti moja juu ya zulia ili aeleweke vizuri. Mlango wa ndani ukafunguka, na Shangazi akasimama hapo ndani ya buibui lake, akatoa salamu. Wanaume wakainamisha macho, wakaitikia. "Dada, una haja ya kitu?" Baba akauliza kwa mshangao. "Mtume mtoto." Shangazi alikaa kizingitini, akaninyooshea mkono wa kulia. Nikamimina. Akaipokea finjani, akaifikisha karibu na uso wake, kisha akaiweka juu ya zulia mbele ya Baba, imejaa kama nilivyompa.

"Kahawa yetu chungu, dada?" Ami Khalfan akatania. "Anza na tende."

Hakuna aliyecheka. Baba aliitazama finjani, kisha akanitazama mimi, na nikajua kwamba amekwisha kutambua ni nani aliyemfundisha. "Sema haja yako, Mwanakheri," alisema taratibu.

"Sikuja kuomba tiba," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu wazima wale walilazimika kuinama ili waisikie. "Nnaomba jawabu. Tangu nije nasikiliza nani inampasa kunitibu: Unguja, bara, au hapa. Nyote mna hoja nzuri, mashaallah. Wenzangu ngoja ngoja huwaumiza matumbo. Mie yaniumiza koo. Ikiwa ni hapana, niambieni hapana, nende zangu kwetu nikijua moja. Ikiwa ni ndiyo, iseme kwa mdomo wako. Usinambie mnazungumza."

"Dada, kuna kanuni—"

"N'shazisikia."

Kiyoyozi kilikuwa kimezima. Ami Khalfan, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa ameshikilia kwamba kila nchi ibebe mgonjwa wake, alilishusha goti lake, akasema chini chini, "Mjibu, bwana. Kahawa inapoa." Baba alikuwa amelowa jasho. Nilikuwa nimeona watu wakishindwa katika mabishano, lakini sikuwa nimewahi kumwona mtu akilazimika kutoka ndani ya mabishano kama mtu anayetoka nyumbani mwake. Hatimaye akaiinua ile finjani kwa mkono wake mwenyewe, akampa. "Ndiyo," alisema. "Inywe." Kahawa ile, ambayo wengine huimaliza kwa mkupuo, ilimchukua muda mrefu, alifumba macho kila alipomeza, kisha akaitikisa finjani.

Baba hakupita mlango wa nyuma. Asubuhi yake alikiacha kwanza kiti chake katika kamati, kisha akapeleka ombi kama raia na kama ndugu, akieleza bila ya kuficha kwamba undugu wao ni wa maziwa. Wenzake walimwona mjinga. Angenyamaza tu, walisema, na ombi lingepita lenyewe. Kazi ya kamati aliipenda, na miezi mingi baada ya hapo alikuwa akirudi nyumbani mapema kupita kiasi, asijue akae wapi. Viza iliongezwa muda, ombi likazunguka, tukahangaika, kisha likakubaliwa. Ami Khalfan ndiye aliyempeleka Shangazi hospitali kwa pikapu yake kila alipohitajika, akihutubia habari za Muungano njia nzima, hata Shangazi akamwomba asimchekeshe kwani shingo yamuuma. Akapasuliwa, akapona. Sauti yake haikurudi yote, lakini alimeza. Alirejea Bumbwini na kovu jembamba, na alipoagana nami alisema, "Wameamua." Kanuni mpya, hata hivyo, haikuwataja watu wa namna yake. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja ulijifunga nyuma yake.

Sasa miaka mingi imepita. Nimesoma elimu ya afya ya jamii chuoni, kwa sababu ambayo msomaji hatakosa kuijua, na baraza letu la Azaiba bado lina watu. Kiyoyozi ni kipya, hakitoi sauti. Kahawa hutoka katika chupa, na wageni huishika finjani huku wakitazama simu zao. Mwaka huu televisheni za setilaiti zimetuletea mjadala wa Wamarekani: je, kumhakikishia kila mtu matibabu ni wajibu wa serikali kuu, au ni haki ya kila jimbo kujiamulia? Ami Khalfan, na ndevu zake nyeupe, sasa anayatetea majimbo. Baba anaitetea serikali kuu. Aliyeutetea Muungano na aliyevitetea visiwa wamebadilishana mikeka bila ya kutambua, na kutaniana kwao ni kule kule. Mimi siyadharau mabishano hayo. Ninaamini kwamba mahali pa kuamulia jambo ni jambo zito, na kwamba serikali iliyo mbali husahau na iliyo karibu huweza kukosa uwezo. Lakini siwezi kukaa nikatulia. Huinuka, hutoka hadi ukumbini, hurudi. Zamani, angalau, palikuwa na ukuta mwembamba, na nyuma yake ndara za mtu tuliyemjua jina. Siku hizi tunabishana vizuri zaidi, na kuta ni nene.

Juzi nilimpigia simu Shangazi nikamsimulia habari hizo za Amerika. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na wameamua nini?" akauliza. Nikamwambia, bado. Akasema, "Na mgonjwa wao wamemweka chumba gani?"

Kwa hiyo ninakuomba wewe, msomaji. Utakapokaa katika mjadala wa namna hii, barazani, ofisini au bungeni, uliza kwanza ni nani aliyeko chumba cha ndani. Kisha inuka kabla kahawa haijapoa, uende ukamwambie ndiyo au hapana.