Shemeji kavunja kaburi la mume wangu, polisi wanataka yaishe

Admin, nifichie jina, huku tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka 43, naishi Kikwe na wanangu wawili. Naandika kwa hasira, mnivumilie.

Mume wangu tulimzika hapa hapa nyumbani, pembeni ya migomba. Kaburi nililijengea vigae kwa jasho la kuuza nyanya. Mdogo wake anataka kuuza upande ule wa shamba, na mnunuzi hataki ardhi yenye kaburi. Juzi narudi sokoni mchana, nakuta msalaba uko chini, vigae vimesagwa, na yeye amekaa pale na nyundo. Hata hakukimbia.

Nikaenda polisi. Afande akamwita yeye na wazee wa ukoo, akatuketisha. Akaniambia, "Mama, huyu ni ndugu. Jela haitajenga kaburi. Atajenga mwenyewe kwa mikono yake, atakuomba radhi, maisha yaendelee." Niliona ana busara. Nikakubali.

Shemeji akasimama, macho kwenye simu. "Shemeji, kama nimekukwaza, samahani."

Kama! Nikamuuliza, "Ulipokuwa unampiga kaka yako nyundo, ulikuwa unawaza nini?"

Afande akanikatisha, "Mama, tusifukue tena." Wazee wakapiga makofi, yameisha. Yameisha kwa nani? Mimi hakuna aliyeniuliza nataka nini!

Kesho yake alikuja na simenti kidogo, akapakapaka, msalaba akauacha umelala. Binti yangu akamwambia shikamoo. Akajibu, "Marahaba. Mwambie mama yako alete chai." Jamani! Nilitoka na jembe, akaruka ua mbio.

Nikarudi kituoni kusema hayajaisha. Sasa ukoo mzima unasema mkorofi ni mimi, nimekataa suluhu. Afande kanipa hadi Ijumaa: nikubali yaishe au jalada liende mahakamani. Na mama mkwe, aliyenisaidia kulea wanangu tangu nifiwe, amenishika mikono analia, "Mwanangu, mmoja nimeshamzika. Huyu usinifungie." Ameapa nikienda mahakamani hatakanyaga kwangu tena.

Kusamehe naweza. Kinachonichoma ni kusamehe mtu ambaye hajajuta, ili afande apunguze kazi na wazee walale vizuri. Lakini yule bibi nampenda kama mama yangu mzazi.

Ninyi mngekuwa mimi, Ijumaa mngesema nini pale kituoni? Msinionee aibu, niambieni ukweli.