Mrenda Chini ya Godoro

Wiki hii nilikuwa kwa wakala wetu wa ajira hapa Riyadh, mtaa wa Olaya, nikisubiri ikama yangu, kibali cha kuishi huku. Madam mmoja akaingia na mfanyakazi wake wa nyumbani, msichana Mkenya kama mimi. Madam alishika kifuko cha plastiki kwa vidole viwili, akakitupa mezani.

"Huu ni uchawi," alimwambia karani. "Ameuficha chini ya godoro. Mrudishe kwao."

"Ni mboga, madam," msichana alisema. "Ni mrenda. Mama aliukausha, akanifungia."

"Mboga hufichwa chini ya godoro?"

"Nikipika chakula cha kwetu unakimwaga."

Karani alivuta kiti chake nyuma. Mzee Mmisri anayetengeneza chai pale ofisini ndiye aliyekifungua kifuko. Alisugua jani moja kiganjani, akanusa, akacheka. "Madam, hii ni mulukhia. Kwani kwenu hamuili?"

Kumbe ni mboga ileile, na nyumbani kwa madam wanaila kila wiki, na kuku. Madam alinusa mara tatu huku akimkodolea macho msichana. Kisha akasema, "Halas, basi. Yalla, twende," akakitia kifuko ndani ya mkoba wake na kufunga zipu.

Msichana alipopita karibu nami nilimnong'oneza, "Pole dadangu, yameisha."

"Hayajaisha," alijibu, macho kwenye mkoba. "Sasa nani atamwambia anirudishie?"

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, lakini hili nimelielewa: madam akiishuku mboga yako, ogopa, akiacha kuishuku, ifiche vizuri zaidi.